Maisha ya Ruphin Kashindi, Bila Kupigwa Msasa

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa Uvira na wa Bukavu, majirani wa Bertrams, Troyeville na Malvern, na wewe mzee Lefteris uliyekaa safu ya pili ukitikisa kichwa ingawa huelewi Kiswahili hata neno moja, leo Jumamosi tarehe 28 Septemba 2019 nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Brigitte, fundi cherehani, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, niwasomee maisha ya kaka yangu kabla hatujamsindikiza makaburini.

Karatasi niliyoishika iliandikwa na ndugu yetu Alexis, mwenyekiti wa kamati ya matanga, ikachapwa vizuri kurasa mbili, na ninamshukuru, lakini siku kumi kabla ya kufariki kaka yangu aliomba mambo mawili, kwanza kwamba nisome mimi, pili kwamba nisome bila lipu, na mliomjua mnaelewa alichomaanisha, kwa sababu alipiga lipu kuta za watu tangu ujana wake na alijua lipu nzuri inavyoweza kuficha ufa. Jana niliisoma karatasi hii mara tatu. Ni nzuri sana, ila ndani yake kuna mstari mmoja unaonisifu mimi, na mstari huo si wa kweli, na tangu jana sijui kama nikiufikia nitapata ujasiri wa kuukana mbele yenu, kwa hiyo niombeeni, nami nitaanza pale ambapo kila mtu huanzia.

Ruphin Kashindi alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Uvira, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu baba Kashindi, karani wa bandarini, na marehemu mama Nabindu, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alianza kuuliza kabla ya kuanza kutembea. Aliuliza kwa nini ndagala hafumbi macho hata akikaushwa, aliuliza kwa nini upande mmoja wa mlima huona jua kwanza, na siku moja alimuuliza padri kwa nini malaika wote waliochorwa kanisani hawajawahi kuzeeka, padri akamjibu kwamba mbinguni hakuna uzee, naye akarudi nyumbani amenuna.

Kuhusu masomo, karatasi inasema kwamba marehemu alisoma shule ya msingi Uvira kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, jambo ambalo ni kweli, kisha inasema alihitimu masomo ya sekondari kwa alama za kupendeza, na hapo, Alexis, ndugu yangu, unisamehe, umeshika mwiko wa lipu. Ruphin aliacha shule mwaka 1983 akiwa kidato cha tatu, kwa sababu baba alifariki tarehe 2 Februari mwaka huo na watoto wadogo tulikuwa tunahitaji kula, na mmoja wa wadogo hao ndiye mimi, niliyesoma hadi mwisho kwa jasho lake. Naona mnacheka, chekeni tu, yeye mwenyewe angecheka.

Baada ya kuacha shule alijifunza kazi kwa mwashi mmoja pale Uvira, na kufikia mwaka 1988 alikuwa fundi wa lipu anayetafutwa mji mzima, kwa maana ukuta aliouachia Ruphin ulikuwa laini kiasi kwamba wenye nyumba waliupapasa kwa kiganja mbele ya wageni, na yeye alisema wazi kwamba fundi anapimwa kwa vidole, si kwa macho, ukikuta kishimo hata cha ukubwa wa punje ya mtama ujue fundi huyo alikuwa na haraka. Kumbukeni hilo la vidole, ndilo lililomponza baadaye.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilitutoa Uvira, tukavuka kwenda Kigoma, tukaishi kambini, na mwaka 2000 kaka alianza safari ya kusini peke yake, kwa lori na kwa miguu, hata akafika Johannesburg tarehe 3 Agosti 2001 akiwa na mkoba mmoja na mwiko wake wa kazi. Alianza kwa kulinda magari karibu na uwanja wa Ellis Park siku za mechi, kisha akapata vibarua vya kutengeneza dari, na tarehe 12 Januari 2009 aliajiriwa katika karakana ya mzee Lefteris, Mgiriki aliyezaliwa hapahapa Johannesburg, katika barabara ndogo inayotoka Jules Street kule Malvern, mahali wanapotengeneza nguzo za kumbi za harusi, simba wa kuweka getini na malaika wa bustanini, vyote kwa saruji au kwa jasi nyeupe.

Tarehe 6 Julai 2002 alifunga ndoa na Denise, binti wa Bukavu, msusi, katika kanisa hili tulilomo, wakati huo likiwa bado gereji, na Mungu akawajalia watoto wawili, Héritière aliyezaliwa tarehe 19 Mei 2003 na Emery aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2007, wanaotuelewa tukisema Kiswahili na kutujibu Kiingereza, na tukikasirika wanatujibu Kizulu. Mimi nililetwa hapa na kaka huyohuyo mwaka 2006, akanipangia chumba Troyeville, akaninunulia cherehani yangu ya kwanza.

Hapa karatasi inasema marehemu alifanya kazi kwa bidii na uaminifu, kisha inaruka moja kwa moja hadi kwenye ugonjwa, na mimi siwezi kuruka, kwa sababu ni katika miaka hiyo iliyorukwa ndipo kaka yangu alipokuwa na furaha kuliko wakati wowote niliomjua, na furaha hiyo ilianza kwa kosa.

Jumatatu tarehe 2 Machi 2015 mzee Lefteris alimkabidhi kalibu ya mpira aliyoipata kwa mjane wa mchongaji mmoja, akamwambia atoe kichwa kimoja cha jasi, cha mwanamume mwenye ndevu, kwa ajili ya mteja mwenye mkahawa, kisha mzee akasafiri kwenda Durban kwa siku tatu. Ruphin alimwaga jasi, akaiacha ikauke, akafungua kalibu, akaona aibu. Mashavu ya mtu yule yalikuwa na michirizi kama ya kukatwa, pua ilikuwa imepinda, sikio limevimba kama andazi, midomo imebonyea ndani, naye akadhani jasi imeshika mapovu ya hewa na kalibu imechakaa, akarudia mara ya pili, ikatoka vilevile, basi akafanya kile ambacho fundi wa lipu kutoka Uvira angefanya. Aliziba kila mkato, alinyoosha pua, alipunguza sikio, akapiga msasa wa kwanza, wa pili na wa tatu, na siku mbili nzima alimpapasa kwa vidole hata uso ukawa laini kama ukuta wa sebule ya daktari.

Mzee Lefteris aliporudi, alikiangalia kichwa kile, Ruphin akingoja sifa zake, kisha mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa jasi na machozi yakamtoka, akasema, “Eish, Ruphin, umemponya bondia wangu!” Ndipo akamweleza kwamba mtu yule ni mpiganaji wa ngumi aliyetoka kupigana muda huohuo, kwamba sanamu yake halisi ni ya shaba na iko Roma, kwamba mikato ile ilichongwa kwa makusudi na ndani yake ikatiwa shaba nyekundu ili ionekane kama damu mbichi, na kwamba Wagiriki waliomchonga ni wale wa zama za mwisho, ambao hawakutaka tena kumpapasa kila mtu hata akawa kijana mzuri.

Mzee hakumkata mshahara wala hakumfokea. Alimletea kitabu kizito cha picha, na kaka yangu, mtu wa kidato cha tatu, alikibeba hadi Bertrams ndani ya mfuko wa mchele. Katikati ya mwezi wa Aprili mwaka huohuo watu walianza kuwafukuza wageni mjini, maduka ya Jules Street yakafungwa, karakana nayo ikafungwa kwa siku nane, na siku hizo nane sisi wengine tulikuwa tunachungulia dirishani na kuhesabu ving'ora, yeye ameketi sakafuni na kitabu, akimwita Denise, “Kuya uone, ata bazee banachonga!” yaani hata wazee wamechongwa.

Alichokigundua, mzee Lefteris akimsaidia kusoma, alitueleza sana, nami nitajaribu kukieleza kama nilivyokielewa, kwa maana nilianza kwa kumcheka na nikaishia kuuliza maswali. Wagiriki wa zamani zaidi walichonga watu waliosimama wima kama askari kwenye gwaride, baadaye wakachonga vijana na miungu wenye nyuso tulivu, miili isiyo na dosari, huwezi kujua kama wamekula au wana njaa, lakini baada ya kufa mfalme wao Aleksanda, aliyeteka nchi hadi Misri na hadi karibu na India, mambo yalibadilika kwa muda wa kama miaka mia tatu, mpaka Warumi walipoitwaa Misri. Katika miaka hiyo walichonga vitoto vinene vikipigana na bata, walichonga wavuvi wazee wenye mishipa iliyotokeza, walichonga watu waliolala usingizi na watu wanaolia kwa maumivu midomo wazi, macho wakayachimba ndani zaidi ili kivuli kiingie na uso uonekane una hofu, na miili wakaisokota, kifua huku, kichwa kule, kana kwamba mtu ameitwa ghafla.

Kwa nini walibadilika? Hilo ndilo lililomnyima raha Ruphin. Alilichukua swali hilo kwa kila mtu, kwa mzee Lefteris, kwa mchungaji, kwa muuza mahindi wa kona ya Jules Street, na mwisho akapata jibu lake mwenyewe, ambalo sijui kama maprofesa wangelikubali ila mimi nalikubali. Alisema zamani Wagiriki hao walikaa kila mtu kwenye mji wake mdogo, kama sisi Uvira, wakijuana majina na koo, na mji mdogo hupenda kuchonga vile unavyotamani kuwa, lakini baada ya Aleksanda walitawanyika, wakajikuta katika miji mikubwa ya ugenini yenye watu wa lugha kumi, wakawa wanakutana kila siku na mzee asiye na ndugu, na mlevi, na mgeni, na mtoto anayerandaranda, na jicho la mtu aliyeishi mji wa namna hiyo haliwezi kurudi kuona vijana wazuri peke yao. “Ni kama hapa Joburg,” alisema, “unatoka tu mpaka taa za robot ya kwanza, unaona sura zote.”

Sanamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mgeni, mtu wa kabila la kaskazini, adui wa Wagiriki, ameketi chini na jeraha ubavuni, akijishikilia kwa mkono mmoja asianguke, ana masharubu na mkufu wa kwao shingoni. “Banamushinda, kisha banamuchonga muzuri,” alisema, na wiki ile ya Aprili tuliyarudia maneno hayo sote. Mimi nilimbishia, nikamwambia labda walitaka kujisifu, kwa maana ukimshinda mtu duni hukupata kitu, basi heri umchonge mkubwa, naye akasema inawezekana, ila aliyeshika patasi alilazimika kumtazama yule mtu kwa miezi mingi, na huwezi kumtazama mtu miezi mingi ukabaki kumchukia vilevile. Hatukumaliza ubishi huo, na sasa nimebaki nao peke yangu.

Kuanzia mwaka huo hadi 2017 mzee Lefteris alimruhusu kutumia Ijumaa mchana kujichongea vyake kwa jasi, na hapo ndipo kazi zetu zilipokutana, kwa sababu alikuwa anahangaika na nguo. Kuna mwanamke mwenye mabawa, amesimama mbele ya merikebu, upepo wa bahari umemkandamizia gauni tumboni na mapajani mpaka kitovu kinaonekana, na nyuma kitambaa kinapepea kizito, naye kaka akaniletea picha hiyo dukani akitaka kujua kama inawezekana, nikachukua mita tatu za kitambaa chepesi, nikakilowesha, nikamfunga Héritière juu ya sare yake ya shule, tukamsimamisha uani mbele ya feni, mtoto akilalamika kwa lugha zake zote, na nawaambia ndugu zangu, mkunjo kwa mkunjo, ilikuwa kweli. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyechonga vile aliwahi kukaa na mtu wa kazi yangu akamwangalia vizuri, na tangu siku hiyo niliacha kusema kwamba Ruphin anapoteza muda.

Ila yule bibi sikumkubali. Alimchonga bibi kizee mlevi, kama walivyomchonga wao, ameketi chini amekumbatia mtungi wa divai, gauni limemteleza begani, mifupa ya shingo imetoka, mdomo wazi unacheka au unalia, haijulikani, nami nilimwambia kaka, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nani atamweka huyo bustanini? Kweli hakuna aliyemnunua. Alikaa mlangoni mwa karakana, akina mama waliokwenda kuuza mahindi walimpita wakimwamkia kama bibi yao, “Sawubona, gogo,” na kaka yangu alifurahi kuliko kama angeuzwa, akaniambia kwamba simba wa getini hakuna mtu aliyewahi kumwamkia. Mimi nilikuwa nikifika pale napita upande wa pili. Sikupenda kumwangalia, nasema ukweli, sikuwahi kupenda kuangalia kitu kilichoharibika, hata nguo mbovu naikata vipande siku hiyohiyo.

Wazee wa kanisa nao mnakumbuka mlivyokwenda kule mwezi wa Oktoba 2016, mkiwa mmesikia kwamba ndugu Ruphin anaabudu sanamu, mkakuta mungu wa kike wa Kigiriki amefungwa kitenge changu kiunoni na kingine kifuani, cha maua mekundu, na mzee mmoja aliye hapa leo akauliza kama kitenge hicho kinauzwa. Ruphin aliwajibu kwa heshima kwamba haziabudu, anazizunguka tu, kwa sababu sanamu za zamani zaidi nyingi zilitengenezwa uzisimamie mbele, lakini hizi za mwisho ukisimama mahali pamoja hupati habari yote, ukienda kushoto unaona maumivu, ukienda nyuma unaona uchovu, lazima utembee.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa.

Ijumaa tarehe 9 Juni 2017, saa tano asubuhi, akiwa kazini, alianguka kwa kiharusi, sisi tunasema AVC, mzee Lefteris akampakia nyuma ya bakkie, lile gari lake dogo la mizigo, pamoja na vumbi lake la jasi akamkimbiza hospitali, na madaktari wakaokoa maisha yake, ila mkono na mguu wa kushoto havikurudi kazini, na upande wa kushoto wa uso ulishuka, jicho, shavu na mdomo. Denise ameniambia kwamba alipopata fahamu aliomba kioo kabla ya kuomba maji, akajitazama kwa muda mrefu, akacheka kwa upande uliobaki, akasema kwa shida kwamba leo amekuwa Mgiriki wa zama za mwisho.

Na hapa ndipo karatasi inasema hivi, naisoma kama ilivyoandikwa: “Katika kipindi chote cha ugonjwa wake marehemu aliuguzwa kwa upendo mkubwa na mke wake pamoja na dada yake mpenzi Brigitte, ambaye hakumwacha hata siku moja.”

Ndugu zangu, si kweli. Nilifika hospitali siku ileile jioni, nikaingia, akanigeukia akajaribu kutamka jina langu, mate yakamtoka kwenye ule upande, nami nikasema natoka kutafuta mtandao wa simu, nikashuka ngazi, nikapanda teksi, nikaenda nyumbani. Sikurudi. Alipotolewa hospitali sikwenda Bertrams. Kutoka kwangu Troyeville hadi mlango wa kaka yangu ni mwendo wa dakika kumi na tano, na nilikaa miaka miwili, miezi miwili na siku ishirini na nne bila kuutembea. Nilituma uji, nilituma mashuka, kila Jumamosi Héritière alikuja kuchukua chakula, nikimuuliza baba hajambo, ananijibu “Sharp, tantine,” yaani mzima, shangazi, na mimi namshukuru Mungu kwamba jibu ni fupi. Niliwaambia watu nina sare za shule za kumaliza. Alexis aliandika alivyoandika kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo, kidogokidogo, kwa muda mrefu, hata yeye akaamini. Sikuwa na ugomvi na kaka. Niliogopa uso wake tu, na baada ya miezi kadhaa niliogopa zaidi kuulizwa nilikuwa wapi.

Aliyemuuguza ni Denise. Denise alimwogesha, Denise alimnyoa, alisuka nywele za watu mpaka jioni kisha akaenda kumgeuza ubavu ili asipate vidonda, na mzee Lefteris, mtu asiye wa damu yetu wala wa lugha yetu, alikuja kila Ijumaa na kile kitabu akamfungulia kurasa, maana mkono mmoja haukuweza kushika na kufungua.

Hata siku niliyokwenda sikwenda kwa wema. Jumatatu tarehe 2 Septemba mwaka huu, ghasia zilipozuka tena dhidi ya wageni, nilikuwa kibandani kwangu Malvern, nikaona moshi, nikafunga, nikabeba kichwa cha cherehani kifuani nikakimbia, watu wakaniambia Troyeville njia si salama, na mlango pekee niliokuwa nao katika mji huu ulikuwa ule. Denise alifungua. Alikuwa na haki ya kunitazama atakavyo, lakini alisema tu, “Ingia, chai iko.” Kaka alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, nikakaa upande wake wa kulia, ule mzima, nikaanza kuzungumza haraka habari za moshi, naye akaniacha nimalize, kisha akasema polepole, neno moja moja, “Mudogo yangu, zunguka.” Sikuelewa, akarudia. Basi nikainuka nikazunguka kiti chake kama mtu anayepima koti, nikaona kisogo chake ambacho Denise alikuwa amekinyoa vizuri, nikaona bega lililolala, nikafika upande wa kushoto, nikasimama pale nikamtazama, nikalia, na jicho lile lililoshuka lilikuwa linanitazama kwa udadisi uleule wa mtoto wa mama Nabindu, linataka kujua Brigitte akilia huwa anaonekanaje.

Nilikaa kwao siku kumi na tisa. Siku ya tisa ndipo aliponiambia nisome mimi, nikamwambia nitasema nini juu yangu, akajibu kwamba niliponye jambo lolote nitakalo, ila hilo nisiliponye. Alifariki Jumamosi tarehe 21 Septemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, kwa kiharusi cha pili, nyumbani kwake Bertrams, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja, miezi sita na siku saba, na mficha maradhi kifo humuumbua, ila safari hii aliyeumbuliwa si aliyekufa.

Alhamisi tulikwenda kumvisha. Mhudumu wa chumba cha maiti, mtu mpole, alituuliza kama tungependa amnyooshe mdomo kwa pamba ili upande wa kushoto ulingane na wa kulia, akasema familia nyingi huomba hivyo, na Denise akanigeukia mimi. Nilisema asiguse. Kisha nikamwosha uso mimi mwenyewe, pande zote mbili. Kwa hiyo mtakapopita kutoa heshima zenu, wenye watoto msiwafumbe macho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania mwaka 2017, majirani wa Bertrams waliokaa nasi matanga wiki nzima na kuleta viti, wafanyakazi wenzake wa karakana ya Malvern, akina mama wauza mahindi wa Jules Street waliofika leo, mchungaji na kanisa, kamati na mwenyekiti wake Alexis ambaye nimemharibia karatasi yake, na mzee Lefteris, ambaye Héritière atamtafsiria baadaye kwamba dada wa Ruphin anamshukuru kwa kila Ijumaa.

Wewe Denise, wifi yangu, nimekuacha mwisho kwa sababu kwako si shukrani peke yake. Nilipaswa kubeba nusu, nikakuachia yote, kisha nikakubali kuandikwa kwamba tulibeba wote. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa waliokuwa wananisifu. Usinijibu leo, leo ni siku ya kulia. Nitakuja kesho baada ya ibada, na usipofungua nitakuja Jumatatu, na Jumanne nitakuja, Bertrams si mbali.

Kaka Ruphin, mwana wa Kashindi na wa mama Nabindu, fundi, mtu wa maswali, umetutazama vya kutosha, sasa pumzika, amani ya Bwana iwe nawe.